Msamaria Aliahidi Kurudi

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani
Soma: Luka 10:25–37, Yohana 9:1–3

Habari ya Msamaria tunaijua tangu utotoni. Tunakumbuka mafuta na divai, tunakumbuka mnyama aliyembeba yule majeruhi. Lakini mstari wa 35 tunaupita mbio. Pale Msamaria aliacha dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, tena akaahidi kwamba akirudi atalipa gharama itakayozidi. Alijua jeraha haliponi kwa usiku mmoja. Leo tuitazame ahadi hiyo tukimfikiria dada aliyemwagiwa asidi.

1. Jeraha lake ni la miaka

Asidi, hata ile ya betri ya gari, hula ngozi na nyama, na huweza kupofusha macho. Kovu likikauka hujikunja, shingo au mkono ukakataa kunyooka. Ndiyo maana wengi hufanyiwa upasuaji mara kadhaa. Sasa tujiangalie. Juma la kwanza tunafanya harambee na kujaa wodini na chupa za uji. Je, mwezi wa sita, akipewa rufaa ya Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, nani atalipa nauli? Nani atabaki na watoto? Jirani zetu Uganda waliuona mzigo huu. Mwaka 2003 kulianzishwa shirika la Acid Survivors Foundation Uganda, kwa ajili ya walionusurika asidi peke yao.

2. Usiulize alikosa nini

Wanafunzi walipomwona kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Yesu alilikataa swali hilo. Na sisi tuache kunong'ona, "Si alikula pesa za kijana wa watu akamkataa?" Mwenye dhambi ni aliyemwaga asidi. Sheria yetu pia, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 231, inasema anaweza kufungwa maisha.

Basi wazee wa kanisa wasikae kulimaliza jambo hili nyumbani kwa mbuzi wawili. Msamaha ni safari yake na Mungu, kwa wakati wake, na haufuti kesi. Msindikizeni polisi apate nambari ya OB na fomu ya P3. Hapa kwetu tuna mfano: shirika la Ripples International la Meru lilisimama na wasichana walionajisiwa, na tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru ikaamua kwamba polisi walivunja haki zao kwa kutochunguza ipasavyo. Kumsindikiza mtu mahakamani nako ni kumfunga jeraha.

3. Tufanye nini?

*Siku ya tukio:* Mwagieni maji safi mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, mkimvua nguo zilizolowa asidi. Msipake dawa ya meno, mafuta wala majani. Kisha hospitali mara moja. Nambari ya msaada ni 1195, simu ni bure.

*Mfuko:* Badala ya sadaka moja kubwa, kila kikundi kichukue mwezi wake, mwaka mzima. Mweka hazina aandike kila shilingi.

*Kazi:* Kovu halivumilii jua kali. Kumrudisha kuchuma chai kutwa ni kumwumiza. Labda cherehani, labda kibanda chenye kivuli. Lakini muulizeni yeye kwanza.

*Ibada:* Asifichwe kiti cha nyuma. Wala asiitwe mbele kila Jumapili ili watu walie watoe pesa. Picha yake isizunguke WhatsApp bila ruhusa yake. Msalimieni kwa jina, mkimtazama usoni.

Ya kujadili

1. Ni nani tuliyemchangia mwaka jana, na hatujamtembelea tena?
2. Ni maneno gani ya kijijini yanayomfanya aliyeumizwa aone aibu?
3. Kikundi chetu kitachukua mwezi gani?

Tuombe

Baba, tusamehe kwa kuwa wepesi wa kuchanga na wazito wa kurudi. Uwaguse dada zetu walioumizwa, uwape madaktari wema na mahakimu wa haki. Utufanye watu wanaorudi. Katika jina la Yesu, Amina.