Mwenyekiti Akiondoka, Daftari la Ndege Libaki

Mwaka wa 2013, katika msitu wa Dakatcha ulio kaskazini mwa Mto Sabaki, wanakikundi wa kujitolea na wenzao wa shirika la Nature Kenya waliona viota vya kwera wa Clarke. Ndege huyo mdogo alitambuliwa na wanasayansi mwaka wa 1913. Duniani kote, makao yake yanayojulikana ni Kaunti ya Kilifi pekee, katika misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Kwa miaka 100 wataalamu hawakujua anakotagia mayai. Viota hivyo vilipatikana kwenye kinamasi cha msimu, kilichojaa maji ya mvua.

Uvumbuzi wa namna hiyo huhitaji watu wanaorudi mahali pale pale, msimu baada ya msimu, na kuandika walichokiona. Ndiyo maana mabadiliko ya uongozi katika kikundi cha ndege yanapaswa kupangwa mapema.

Kinachopotea

Chukua mfano wa kikundi kinachohesabu ndege wa pwani katika Hori ya Mida. Mwenyekiti ameongoza hesabu kwa miaka 12. Anajua kwamba maji yakijaa ndege hukusanyika mahali pachache pa kupumzikia, na yakipwa hutawanyika kwenye matope kutafuta chakula. Anajua pa kusimama na saa ya kuanza. Daftari liko nyumbani kwake, nayo namba ya siri ya barua pepe ya kikundi iko kichwani mwake.

Mwenyekiti huyo akihama au akiugua, wenzake watafika ufuoni saa isiyofaa, wahesabu ndege wachache, kisha waandike kwamba ndege wamepungua. Huenda ndege hawakupungua. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Hesabu ya mwaka huu ina maana ikilinganishwa na ya miaka iliyopita, na mwaka uliorukwa hauwezi kurudiwa.

Hatua za makabidhiano

Kwanza, katiba ya kikundi ieleze muda wa uongozi na namna ya kuwachagua viongozi. Kiongozi anayesifiwa kila mkutano huweza kusahau kwamba zamu yake ina mwisho, nao wanachama wakaona haya kumkumbusha. Katiba ikisema wazi, hakuna atakayeonekana kumfukuza mzee wao.

Pili, naibu aandaliwe kabla ya uchaguzi. Aongoze hesabu angalau msimu mmoja huku mwenyekiti akiwa kando yake. Kumtambua ndege kwa mlio hakufundishwi kwa karatasi. Vijana na wanawake wapewe nafasi hiyo, si kubeba darubini tu.

Tatu, makabidhiano yaandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili mbele ya wanachama. Orodha iwe na cheti cha usajili, muhuri, vitabu vya fedha, kumbukumbu za mikutano, darubini, mikataba na namba za siri za akaunti za kikundi.

Nne, kumbukumbu za ndege zitunzwe kama fedha. Kila ukurasa uonyeshe tarehe, saa, mahali, hali ya maji na majina ya waliohesabu. Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine mahali tofauti.

Tano, mabadiliko ya viongozi yafikishwe kwenye ofisi ya Maendeleo ya Jamii na kwenye benki. Vikundi vya kijamii husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka wa 2022. Sahihi za zamani zikiachwa benki, viongozi wapya wanaweza kukosa hata nauli ya kwenda kuhesabu ndege.

Nafasi ya kiongozi anayestaafu

Anayeondoka hahitaji kutoweka. Anaweza kuwa mshauri na mwalimu wa kutambua ndege, ila asiendelee kutia sahihi hundi wala kutoa amri. Kwa kiongozi mpya, ni busara kuongoza msimu mmoja kwa utaratibu uliopo kabla ya kuubadilisha. Akibadilisha njia ya kuhesabu, aandike tarehe na sababu, ili atakayesoma daftari baadaye asidanganyike.

Wanachama nao wana wajibu. Katika mkutano mkuu ujao, kila kikundi kijiulize: mwenyekiti asipofika kesho, nani ana daftari, nani anajua saa ya maji kujaa, na nani anaweza kutoa fedha benki? Ikiwa majibu yote matatu ni jina moja, kazi ya makabidhiano ianze mkutano huo huo.

Vikundi vinavyohitaji mwongozo kuhusu katiba au usajili wa viongozi wapya vinahimizwa kufika katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo iliyo karibu.