Kanuni za Seva Zikae Wapi? Mwongozo kwa Mwenye Tovuti

Wafanyabiashara wa Bariadi, Maswa na Lamadi wanaotangaza bidhaa zao mtandaoni hulipia nafasi katika seva ili tovuti zao zipatikane wakati wote. Tovuti inapochelewa kufunguka, huenda ukashauriwa kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kabla hujalipa, uliza kwanza: kanuni zinazoiongoza seva zimewekwa wapi?

Mahali pawili

Programu ya Apache, inayoendesha seva nyingi duniani, husoma kanuni mahali pawili. Pa kwanza ni faili kuu la mipangilio, ambalo husomwa seva inapowashwa. Pa pili ni faili dogo liitwalo .htaccess, linalowekwa ndani ya folda za tovuti. Hili hutafutwa upya kila ombi linapofika.

Chukua mfano wa ghala la pamba. Karani aliyesoma maelekezo yake asubuhi humpimia mkulima papo hapo. Anayefungua makabati manne kutafuta maelekezo kila mkulima anapofika huchelewesha foleni, hata makabati yakiwa matupu.

Ndivyo ilivyo kwa seva. Picha ikiwa katika folda ya /www/duka/picha, na .htaccess ikiwa imeruhusiwa katika kila ngazi, Apache huitafuta mara nne: katika /, /www, /www/duka na /www/duka/picha. Ukurasa wenye picha 30 huzaa utafutaji wa mara 120 kwa picha hizo pekee.

Unashauriwa kufanya nini?

1. Ikiwa seva ni yako peke yako, mtake fundi ahamishie kanuni katika faili kuu, azihakiki kwa amri ya apachectl configtest, kisha azime .htaccess kwa agizo la AllowOverride None na kuiwasha seva upya.

2. Hakikisha hakuna kanuni iliyosahaulika. Mara nyingine .htaccess ndiyo inayofunga kwa nywila folda yenye taarifa za wateja. Ikizimwa kabla kanuni hiyo haijahamishwa, mlango huachwa wazi.

3. Ikiwa unatumia seva pamoja na wateja wengine, faili kuu si lako kuligusa. Weka .htaccess moja yenye kanuni chache unazozihitaji, na ufute zilizopitwa na wakati.

4. Usitarajie miujiza. Picha nzito zisizopunguzwa ukubwa huchelewesha tovuti kuliko utafutaji huo, nazo humla mteja wako salio la intaneti. Zishughulikie kwanza.

Kumbuka: kabla ya badiliko lolote, dai nakala ya mafaili yote ya tovuti yako. Hifadhi pia mkataba, risiti na nywila zako mwenyewe. Fundi huja na kuondoka. Tovuti ni mali yako.