Barua ya chuo ishafika, Fizikia iachwe?

Barua iliyofikia safu hii wiki hii imetoka Liwatoni, Mombasa. Mwandishi wake ni kijana wa miaka 18, mwaka wa mwisho wa A-Level katika shule ya kibinafsi. Mwezi Desemba alikubaliwa na chuo kikuu kimoja cha Marekani kusomea uhandisi wa ujenzi. Ana masomo manne: Hesabu, Fizikia, Kemia na Uchumi. Sasa ataka kuiacha Fizikia ili jioni amsaidie babake katika duka lao la nyavu na kamba, ipatikane nauli na ada ya viza. Mjomba wake amemuunga mkono: "Mjomba, barua ushaipata, wahangaikia nini tena?" Mamake hataki hata kulisikia jambo hilo. Kijana auliza amsikize nani.

Amsikize mama.

Mjomba hana nia mbaya. Watu wengi wa rika lake walifanya KCSE, mtihani ulioanza 1989, kisha wakakaa nyumbani miezi na miezi wakingoja JAB, bodi ya udahili wa vyuo vikuu, iwaite. Hata leo KUCCPS, iliyochukua nafasi ya JAB, huwapangia wanafunzi vyuo baada ya matokeo kutoka. Barua ikifika, mtihani ushapita na alama zajulikana. Hakuna kinachoweza kuharibika. Ya kijana huyu imetangulia mtihani. Chuo kimemkubali kwa masomo aliyoyajaza kwenye fomu, kikiamini atayamaliza.

Aisome barua hiyo tena, polepole. Vyuo vingi vya Marekani huandika kwamba nafasi inategemea kumaliza vizuri masomo ya mwaka wa mwisho. Shule nayo hutuma ripoti ya mwisho yenye masomo na alama, kwa hiyo Fizikia ikitoweka itaonekana, na aliyenyamaza atadhaniwa alikuwa anaficha.

Mwaka 2017, chuo cha University of California, Irvine, kilifuta nafasi 499 za wanafunzi ambao kilikuwa kimeshawakubali, masomo yakikaribia kuanza. Baadhi yao walishuka alama. Wengine wengi makaratasi yao ya matokeo yalichelewa au hayakuonekana. Kelele zikapigwa, chuo kikaomba radhi na kuwarudisha wengi. Lakini wengi wao walikuwa kwao. Kijana wa Liwatoni atakwenda ubalozini Nairobi kuomba viza na fomu ya I-20 inayotolewa na chuo hichohicho. Nafasi ikifutwa, fomu hiyo haina kazi tena, na muda wa kukata rufaa kutoka Mombasa ni mchache mno.

Tena, Fizikia si somo la pembeni kwa mtu anayetaka kujenga madaraja. Mwaka wa kwanza wa uhandisi umejaa nguvu, mizigo na mwendo, na asiye na msingi huo atahangaika ugenini peke yake. Na viza ikikataliwa, jambo ambalo hutokea hata kwa waliojiandaa vyema, milango ya uhandisi katika vyuo vya hapa Kenya nayo yataka Hesabu na Fizikia. Ikiwa mzigo umemwelemea kweli, somo la kufikiriwa ni Uchumi.

Hata hilo aliulizie kwanza. Amwone mwalimu mshauri, waandike pamoja barua pepe fupi kwa idara ya udahili: anataka kuacha somo gani, kwa nini, na yapi yanabaki. Asubiri jibu la maandishi, alihifadhi, ndipo abadilishe chochote shuleni. Asichelewe, kwa maana shule huandikisha watahiniwa wa mtihani wa Mei na Juni miezi kadhaa kabla. Katika barua hiyohiyo aulize kama chuo kinaweza kumpunguzia malipo ya kushika nafasi. Mwanafunzi kueleza hali ya nyumbani kwao si aibu, na wapo wanaosaidiwa kwa sababu tu walieleza.

Shida ya pesa aliyoitaja ni ya kweli, na kumwambia tu asome haitoshi. Kazi ya duka aifanye Jumamosi. Mjomba naye, kwa kuwa ampenda mpwawe, ashike zamu za jioni pale dukani mpaka mitihani ya Juni iishe.