Usukani Ukianza Kulia: Kukagua Mafuta ya Pawa Stelingi



Kiangazi kilichopita pikapu ya jumuiya yetu, Hilux ya zamani, ilianza kulia kila ilipokata kona kutoka hapa Ibadakuli kwenda Shinyanga mjini. Mzee anayetuendeshea alitueleza mara mbili. Sisi tulichukua chupa ya mafuta, tukaongeza, tukaendelea na ratiba. Wiki ya tatu, tukirudi kutoka kigangoni na wanakwaya nyuma (kupakia watu nyuma ya pikapu ni kosa jingine, tunakiri), ng'ombe wakaingia barabarani. Usukani ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mzee aliuvuta kwa nguvu zake zote, gari likasimama hatua chache kutoka kwa ng'ombe wa mbele. Jioni hiyo tulimwomba atufundishe.

Blaise Pascal, ambaye darasani tunamsoma kama mwanafalsafa, ndiye aliyeeleza kwamba mgandamizo katika kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa pande zote. Pawa stelingi hutumia kanuni hiyo: pampu inayozungushwa na injini kwa mkanda husukuma mafuta, nayo husaidia mikono ya dereva. Injini ikizimika, msaada unakwisha. Magurudumu bado yanageuka, ila kwa kazi kubwa. Ndiyo maana kuzima gari kwenye mteremko ili kubana mafuta ni hatari.

Kukagua ni kazi ya dakika tano. Egesha mahali tambarare, zima injini, fungua boneti, utafute kikopo chenye alama ya usukani kwenye kifuniko. Kifute kwanza. Vumbi letu la Usukuma likiingia humo, pampu inakwanguka. Vikopo vingi vina mistari ya MIN na MAX; vingine vina kijiti chini ya kifuniko, chenye alama ya gari likiwa baridi na likiwa moto. Tazama na rangi pia. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yamechoka. Yakitoa povu, huenda hewa inaingia mahali.

Ongeza kidogo kidogo, na yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF. Honda zina mafuta yake. Mafuta ya breki usiyaweke kamwe, yanaharibu sili. Kisha washa injini, zungusha usukani kushoto na kulia mara kadhaa bila kuubana mwishoni, zima, upime tena. Wenye Passo msihangaike kutafuta kikopo: usukani wake husaidiwa na mota ya umeme.

Kosa letu lilikuwa hapa. Mafuta haya hayaungui kama petroli. Yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Yakipungua kila wiki, yanavuja. Mzee alitandika boksi chini ya gari usiku, asubuhi tukakuta doa jekundu. Akalifuata kwenda juu hadi kwenye bomba la mpira lililopasuka karibu na pampu. Wiki tatu tulikuwa tukimwaga mafuta ardhini kwa kupitia kwenye gari.

Bomba lilibadilishwa kesho yake. Siku hizi tunafungua boneti kila Jumamosi baada ya usafi, na mzee husimama pembeni akiangalia kama tumefuta kifuniko.