Porojo si uongo, ila ni mbaya zaidi

Somo letu safari hii linahusu maneno matupu, yale tunayoyaita porojo.

Agostino, askofu wa Hipo, mji wa Afrika ambao leo uko Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya uongo karibu na mwaka 395. Alifundisha kwamba anayesema jambo lisilo kweli huku akiliamini amekosea tu, hakudanganya. Mwongo ni yule mwenye jambo moja moyoni na jingine mdomoni.

Lakini yupo mtu wa tatu. Mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliyefariki mwaka 2023, alimweleza katika insha ya mwaka 1986 iliyotoka kama kitabu mwaka 2005. (Neno alilotumia kwa maneno ya mtu huyo ni tusi la mtaani kwao, hatuliandiki hapa.) Mwongo, anasema, huijali kweli kwa namna yake, maana ni lazima aiangalie ndipo aifiche. Mpiga porojo haijali kabisa. Analosema likiwa kweli au lisiwe, kwake ni sawa, mradi aonekane mtu wa maana. Kwa hiyo Frankfurt alimhesabu kuwa adui mkubwa wa kweli kuliko mwongo.

Tunamjua. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, safari zilifutwa, hata za familia zilizokwisha kupewa tarehe. Wakati kama huo bombani hakosi mtu wa kusema: "Ndege zinarudi wiki ijayo, nimesikia ofisini." Huenda hana nia ya kumwibia mtu, anataka tu asikilizwe. Lakini mama aliyemsikia anauza sufuria na godoro, anamwachisha mtoto masomo. Mwongo ukimbana kwa maswali hujikanyaga. Huyu ukimuuliza nani amesema, anacheka na kuleta habari nyingine. (Anayeuza nafasi za safari si mpiga porojo, ni mwizi. Huduma za UNHCR hazilipiwi.)

Ipo pia porojo ya upole. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unamtaja mtu anayemtakia heri ndugu asiye na nguo wala chakula, kisha asimpe kitu. Na ile "tutakuombea" yetu, mara ngapi imetoka mdomoni kabla hatujasikia hata jina la mgonjwa?

Kwa vikundi vya nyumbani: Jirani akikuuliza habari za safari nawe hujui, utamjibuje bila kumvunja moyo? Na habari uliyompelekea juma hili, uliipata kwa nani?