Tusijikaze, tuondoe kinachotushughulisha

Juzi mwanangu alikuwa akinisomea sura aliyohifadhi madrasa. Ujumbe ukaingia kwenye simu, nikaitupia jicho mara moja tu. Alipomaliza akaniuliza: "Baba, nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikaa mbele yake, lakini sikuwepo.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionesha kwamba mtu akiacha kazi moja na kurukia nyingine, hasa kama hakuimaliza, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye ile ya kwanza. Basi hiyo "mara moja tu" haiishi mara moja.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa na nguo yenye nakshi, akazitupia jicho mara moja. Alipomaliza aliagiza nguo ile apelekewe Abu Jahm, naye aletewe nguo ya Abu Jahm isiyo na nakshi. Hakusema atajikaza zaidi. Aliiondoa.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye somo. Siku hizi mwanangu akifungua kinywa kusoma, simu naizima na kuiacha chumba cha pili. Akikosea, namsikia.