Doa la Oili Kwenye Zege: Namna ya Kulisafisha Bila Kudhuru Afya



Katika nyumba nyingi zenye gari, bajaji au pikipiki, sehemu ya zege ambapo chombo huegeshwa huwa na doa jeusi la oili. Doa hilo huchukiza macho, na likipata maji huteleza; mzee akianguka hapo aweza kuvunjika nyonga. Hata hivyo, madhara makubwa zaidi hutokana na vitu ambavyo watu hutumia kuliondoa: petroli, mafuta ya taa, kostiki soda na asidi. Somo hili litaeleza kwa nini vitu hivyo havistahili hatari yake, na jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa usalama.

Kwa nini doa hung'ang'ania

Zege huonekana kama jiwe lisilopenyeka, lakini lina vinyweleo vingi vidogo sana. Oili huingia humo polepole. Iliyomwagika leo bado iko juu. Iliyokaa mwezi mzima imekwisha kuzama. Maji peke yake hayaiondoi, kwa sababu maji na oili havichanganyiki, huisambaza tu. Kwa hiyo vinahitajika vitu viwili: cha kuinyonya, na sabuni ya kuishika ili maji yaweze kuichukua.

Vitu vya kuepuka

Petroli na mafuta ya taa. Ni kweli huyeyusha oili, lakini oili iliyoyeyuka huwa nyepesi na huzama zaidi ndani ya zege. Aidha, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani, na moto hurudi ulikotoka mvuke.

Kostiki soda. Wengi wamesikia kwamba hugeuza mafuta kuwa sabuni. Hilo ni kweli kwa mafuta ya mawese, ya nazi na ya wanyama. Oili ya injini itokanayo na mafuta ghafi ya ardhini haigeuki kuwa sabuni. Mtumiaji huhatarisha ngozi na macho yake kwa faida ndogo.

Asidi ya betri au ya kusafishia vyoo. Asidi hula saruji na kuiacha oili. Ikikutana na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na yaweza kuua mahali pasipo na hewa ya kutosha.

Oili chafu yenyewe

Mwaka 1775, daktari mpasuaji Percivall Pott wa London alieleza saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafishaji wa mabomba ya moshi, akaihusisha na masizi. Baadaye saratani hiyo ilionekana pia kwa wafanyakazi wa viwanda vya pamba nchini Uingereza, ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine. Oili iliyokwisha kutumika katika injini hubeba kemikali za jamii hiyo hiyo. Kuigusa mara moja si jambo la kutisha. Hatari hujengwa na mguso wa kila siku kwa miaka mingi. Fundi na anyapo mikono kwa sabuni, si kwa petroli, ambayo huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuleta mipasuko. Tambara lenye oili lisikae mfukoni.

Njia salama

1. Waondoe watoto mahali pa kazi. Vaa glavu za mpira na viatu vilivyofunika miguu.
2. Kama oili ni mbichi, ifunike kwa mchanga mkavu, maranda au unga wa mbao. Acha usiku kucha, kisha zoa.
3. Nyunyizia sabuni ya unga, ongeza maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, uache kwa nusu saa.
4. Sugua kwa brashi ngumu, isiyo ya waya. Futa povu kwa matambara kabla ya kusuuza.
5. Kwa doa la zamani, changanya sabuni na unga wa mbao uwe kama udongo laini, upake, ufunike kwa nailoni hadi kesho yake. Rudia mara kadhaa. Doa kuukuu hufifia kwa awamu, na pengine alama hafifu itabaki. Hiyo haimdhuru mtu.
6. Mchanga na matambara yaliyonyonya oili yasichomwe wala kutupwa mtaroni au karibu na kisima. Yaweke katika chombo chenye kifuniko, uyapeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Ajali ikitokea

Kemikali ikiingia jichoni, lisafishe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Ikimwagika mwilini, vua nguo zilizolowa na ujimwagie maji mengi.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au petroli, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ya kula kwa kusudi la kumtapisha. Mafuta haya ni mepesi mno. Akitapika huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo madhara makubwa huanzia. Aliyekunywa kostiki soda naye asitapishwe, wala asipewe limau. Mpeleke hospitali haraka pamoja na chupa aliyoinywea.

Kwa wahudumu wa afya

Aliyekunywa mafuta ya taa asioshwe tumbo. Hesabu pumzi, sikiliza mapafu, pima oksijeni, na umpe oksijeni ikiwa imepungua. Asiye na dalili aangaliwe kwa saa 6 angalau kabla ya kuruhusiwa. Mwenye kikohozi, pumzi za haraka au usingizi usio wa kawaida alazwe. Antibiotiki si tiba ya kila mtoto wa namna hii. Zihitaji dalili za maambukizi. Tena, muulize mzazi kwa upole mafuta hayo yalihifadhiwa wapi. Mara nyingi jibu ni chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Jibu hilo ndilo kiini cha somo hili. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo; huijua chupa kwa umbo lake. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kushika brashi, pitia ghala, uvungu wa kitanda na kona ya jikoni. Kila kimiminika hatari kirudi katika chombo chake, chenye kifuniko kinachokaza na jina lake, juu mahali mtoto asipofika. Doa la zege linaweza kungoja hadi kesho.